Karatasi za Alaso katika Nyumba Thelathini na Sita

Nyumba Nambari 17,
Kambi ya Malori,
S.L.P. 9,
Malaba, Kenya.

20 Agosti 1967

Mpendwa shemeji Olinga,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mpakani, na zikukute wewe na mama watoto, Mildred, mkiwa na nguvu. Kile kifua kilichokusumbua tangu Pasaka kimepoa? Watu waliopita hapa kutoka Tabora wanasema asubuhi kuna baridi kali mwezi huu, kwa hiyo tafadhali usiende stesheni bila koti.

Sisi huku tu wazima. Rael ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akicheka anafunika mdomo. Mama yako, Apeduno, tulimwona Jumapili huko Chakol. Goti linamuuma kidogo, lakini alikuwa shambani na alikataa nimshikie jembe.

Najua utashangaa kupata barua ndefu kwa mwandiko wangu, maana mwandishi wa nyumba hii ni dada yako Alaso. Safari hii nimeandika bila yeye kujua. Kuna mambo aliyoyafanya mwaka huu ambayo akikueleza atakueleza kwa mstari mmoja, kisha ageukie habari za mvua. Mimi naona ndugu yake lazima ayasikie yote.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba kampuni yetu ya malori inatujengea nyumba. Zilijengwa thelathini na sita, kwa wiki kumi na nne tu. Tulihamia Januari. Shemeji, zilipendeza! Zote sawasawa, kuta nyeupe, mabati mapya, milango ya kijani. Zilifanana mpaka siku ya pili niliingia kwa jirani, nikavua viatu na kuuliza chakula kiko wapi. Mwenye nyumba alinikaribisha tu, tukacheka. Mimi karani wa kampuni hapa forodhani, mtoto wa mfinyanzi wa Kitui, nilijiona nimefika.

Alaso alizunguka ndani akigonga kuta kwa vifundo vya vidole, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba yenu, Mzee Ongodia, akiitwa kukagua kazi ya fundi mwingine. Siku tulipotaka kutundika saa, nilikwenda kuazima nyundo. Niliporudi nilikuta msumari umeshaingia. Alikuwa ameusukuma kwa kidole gumba.

Akaniambia, "Baba Rael, hii nyumba haina mifupa."

Nilimwambia anyamaze. Nakuungamia hilo, shemeji. Nyumba ni ya kampuni na kazi yangu ni ya kampuni, nikaogopa.

Basi akanyamaza, lakini macho hakuyafumba. Kila asubuhi akifagia, sakafu yenyewe ilitoka pamoja na uchafu, vumbi la kijivu jembamba kama unga. Milango ilianza kukwama. Mwezi wa tatu, mvua zilipoanza, nyufa zikatokea, kwanza kama unywele, halafu kama uzi. Alikwenda kwa nyapara wa ujenzi, Bwire, mtu wa Bukhayo, aliyekuwa akimalizia ua wa kambi. Bwire akamcheka. "Mama, nyumba mpya lazima ipasuke kidogo. Inakaa vizuri tu."

Alaso akamjibu, "Ingekuwa inakaa ningenyamaza. Hii inatembea."

Ndipo alipofanya jambo ambalo wewe utalielewa kuliko mimi. Alichukua karatasi nyepesi za ofisini nilizoleta nyumbani kuwashia moto, akazikata vipande vya upana wa vidole viwili, akapika uji mzito wa muhogo, akabandika kipande juu ya kila ufa. Kwenye kila kipande aliandika tarehe kwa penseli. Alinieleza kwamba ufa uliotulia hauwezi kuchana karatasi; karatasi ikichanika, ukuta unaendelea kusogea. Alisema baba yenu aliwafundisha nyote wawili mlipokuwa mkimchanganyia udongo kule misheni.

Alianza na nyumba yetu. Halafu akaenda kwa jirani yetu Shamsa, mke wa dereva Jamiru, aliyekuwa mjamzito. Halafu wanawake wengine wakamwita wenyewe. Kwa wiki mbili alipita nyumba zote thelathini na sita na sufuria yake ya uji, na akinamama wakawa wanaamka na kwenda kuangalia karatasi kabla ya kuwasha jiko.

Habari ikafika kwa meneja. Aliniita ofisini, hakuniambia nikae. "Mutua, mke wako anaogopesha watu. Kama hataki nyumba, wako wengi wanaitaka. Jumamosi sitaki kuona karatasi hata moja."

Nilirudi nyumbani. Nilimwambia Alaso azitoe. Hakubishana nami. Alinishika mkono kama mtoto, akanipeleka kwa Shamsa, aliyekuwa kitandani na mtoto wa siku tisa. Juu ya mlango wa chumba, karatasi iliyobandikwa Jumatatu ilikuwa imechanika katikati, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Weka kidole," akasema.

Nikaweka. Kiliingia mpaka kifundo cha kwanza, na ndani nikasikia mchanga ukimwagika.

"Sasa niambie nitoe karatasi."

Nilimchukua mtoto wa Shamsa mikononi, Alaso akabeba godoro, na mchana huohuo tukawahamishia kwetu, ambako karatasi zilikuwa bado nzima. Jamiru mwenyewe alikuwa njiani kwenda Kampala na lori. Kisha nilirudi ofisini, nikakaa kwenye taipureta, nikapiga orodha: nambari ya nyumba, tarehe ya kubandikwa, tarehe ya kuchanika. Karatasi ishirini na mbili zilikuwa zimechanika. Chini nikaandika jina langu kamili na kutia sahihi. Meneja aliisoma nikiwa nimesimama, akaifungia kwenye droo.

Jumatano iliyofuata, baada ya mvua ya siku mbili, nilikuwa pale kwenye kizuizi cha barabara na madereva, yapata saa nane mchana. Nikasikia mshindo kama lori linalomwaga mawe. Nilikimbia nikiwa bado nina muhuri mkononi. Ukuta wa chumba cha Shamsa ulikuwa umelala ndani, wote mzima, juu ya kitanda. Bati linaning'inia. Kitanda hukukiona hata mguu.

Shamsa alikuwa mlangoni kwetu na mtoto kifuani. Alaso alikuwa amemkumbatia kwa nyuma asije akaanguka.

Jamiru alifika kesho yake. Alichuchumaa pale penye kifusi, akaokota tofali moja la saruji, akalifinya likawa mchanga mkononi. "Hii ndiyo nilikuwa nalala chini yake," akasema. Alikuja kwetu, akasimama mbele ya dada yako. Akavua kofia yake ya udereva. Alaso akamwambia, "Karibu chai," na mwanamume yule akalia.

Baada ya hapo kampuni haikuwa na njia nyingine. Aliletwa injinia kutoka Kisumu, mzee mfupi mwenye miwani. Kontrakta aliyezijenga nyumba naye alikuja, akasema ni mvua, hakuna nyumba ambayo ingeihimili mvua ile. Injinia alikuwa ameinama anasoma tarehe ukutani.

"Nani ameweka hizi karatasi?"

Watu wakatazamana. Walidhani ni kosa. Alaso alifuta mikono yenye unga kwenye leso yake. "Ni mimi, mzee."

"Umesoma wapi?"

"Nyumbani. Baba yangu alikuwa fundi wa mawe."

Yule mzee akavua miwani, akamwomba amtembeze nyumba moja baada ya nyingine. Walikwenda wawili mbele, na sisi wote nyuma: meneja, kontrakta, makarani, madereva na matani boi wao, wale wasaidizi wa lori. Shemeji, natamani ungeuona mgongo wa dada yako siku hiyo. Akieleza ufa, hata kontrakta alinyoosha shingo kusikia. Injinia alipouliza kama kuna orodha, meneja alilazimika kwenda mwenyewe kufungua droo.

Walichimba kando ya ukuta. Msingi haukufika hata magotini, na umekaa juu ya udongo mweusi, huu unaovimba ukilowa. Hapo Bwire, yule nyapara aliyemcheka Alaso, akasogea mbele bila kuitwa. Alisema mbele ya bosi wake kwamba waliambiwa wamalize kwa wiki kumi na nne, matofali yalijengewa hata kabla ya kukauka, na saruji iliyopaswa kuingia kwenye nyumba iliondoka usiku kwa gari lingine. Saruji, na kiwanda kiko hapo ng'ambo Tororo! Akamgeukia dada yako. "Mama Rael aliniambia mwezi wa tatu. Nikamcheka. Leo ningekuwa nimeua mtoto."

Kontrakta aliondolewa. Nyumba kumi na moja zimebomolewa mpaka chini, nyingine zinachimbwa na kuongezewa msingi. Bwire amebaki kama nyapara, kwa ombi la Alaso mwenyewe. Alisema mtu aliyeweza kusema vile mbele ya bosi hataiba tena wala kuficha.

Na injinia aliacha agizo kwa maandishi kwamba hakuna tofali litakalojengewa kabla Alaso hajalikubali. Ameajiriwa, shemeji. Kila asubuhi anavaa buti za mpira na kofia yangu ya majani. Katika kila safu anachagua tofali moja, analiinua mpaka kiunoni na kuliachia lianguke. Likipasuka, safu yote inakataliwa. Siku za kwanza mafundi walinung'unika. "Mama, utatumalizia zote!" Yeye anasema, "Leta ingine." Sasa wanayaachia wenyewe kabla hajafika, wanamwambia kwa fahari, "Hii angalia, haina neno."

Shamsa na Jamiru walirudi katika nyumba yao iliyojengwa upya Ijumaa iliyopita. Nilipiga ukuta ule mpya kwa ngumi, nikaumia. Sijawahi kufurahia maumivu namna hiyo.

Juzi alikuja mtu kutoka Tororo, anajenga shule upande wao. Alinikuta nimekaa nje nasoma gazeti. "Samahani bwana, fundi yupo?" Nikamwuliza fundi gani. "Fundi mama." Niliinuka, nikampa kiti changu, nikaenda kumwita fundi.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Najua Mzee Ongodia, kabla hajafariki, alikukabidhi wewe pimamaji yake na timazi, kwa mkono wake, kwa sababu wewe ndiwe mwanawe wa kiume. Ni haki yako na sina la kusema juu ya hilo. Alaso hatakuomba kamwe. Lakini anapima kuta za nyumba hizi kwa jiwe lililofungwa kwenye uzi. Kama vifaa hivyo vimelala tu sandukuni huko Tabora, naomba uvitume kwa garimoshi, uandike juu jina lake na si langu. Ukikataa hatutaacha kupendana. Ukikubali, mimi nitakuwepo atakapofungua.

Wasalimie watoto wote, na umwambie Mildred kwamba kitenge kilifika na Alaso anakivaa kanisani. Mama Apeduno anakukumbusha umwandikie. Jamiru na Shamsa wanakusalimu ingawa hawakujui. Wanasema aliye ndugu wa Alaso ni wao pia. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, mlale na kuamka salama.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Mutua