Waipa Zilizofungwa Utepe wa Harusi

Lipangalala,
Ifakara.
27 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Kelestini,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani, ambako mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata soksi. Hujambo? Levina naye hajambo? Natumaini baridi ya Tunduma haijawashinda na kazi inakwenda. Sisi tupo. Shemeji yako Konsolata hajambo, kile kikohozi kimemwachia. Mimi mzima, ila mgongo, pamoja na uchovu ambao nalala nao na kuamka nao.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimeandika makusudi. Nikikupigia, utampigia mama kabla sijamaliza sentensi ya pili, nakufahamu tangu ukiwa mdogo. Hili nataka ulisome mpaka mwisho, ukae nalo kidogo, ndipo ufanye utakalofanya. Barua nampa Adolf, jirani yetu, anayekuja huko kesho na treni.

Naanza na pikapu ya marehemu baba. Unakumbuka siku ya harusi yenu, mwezi wa Novemba, nilivyowaendesha wewe na mama kwenda kanisani. Vijana wa kwaya walikuwa wamelipamba gari, wakavuta utepe mweupe kutoka waipa moja hadi ya pili na kukaza fundo kama wanafunga gunia la mpunga. Tulipofika relini mvua ikamwagika, ukaniambia, "Kaka, washa waipa!" Nami mjinga nikawasha. Zikavutana, zikalia, fundo halikukatika. Tulicheka sana. Wewe keshokutwa yake ukaondoka na mke, mimi nikabaki na waipa.

Tangu siku ile hazikukaa sawa tena. Ya upande wangu iliruka meno pale chini inaposhikwa na nati. Ikawa inaanzia chini mno mpaka inagonga boneti, na ikipanda inaishia katikati. Mbele ya macho yangu ulibaki ukanda mpana wa kioo usioguswa na kitu. Nilinunua mipira mipya, hali ikawa ile ile. Fundi wa kwanza alichomoa waya wa betri waipa zikiwa zimesimama katikati ya kioo, akaing'oa mikono yake, akairudisha kwa kukisia. Hapo ndipo zikaanza kupigana zenyewe kwa zenyewe. Nikachoka nikaziacha.

Na safari haziishi. Kila mwezi nakwenda Namawala kumchukua mama, namleta kliniki ya presha, namrudisha. Kuhamia kwetu hataki. Anasema kaburi la baba liko kule, kuku wake wako kule, na mama mdogo Yosefina anakaa naye, sasa tunamtakia nini? Basi naenda, shingo nimeipinda dirishani kutafuta kipande cha kioo kinachoonyesha njia. Wewe unatuma salamu kila Jumapili, nashukuru, lakini salamu hazishiki usukani.

Upande wa mama kioo kilikuwa kinafutika, basi akawa ananiongoza. "Raimundi, shimo hilo." "Polepole, daraja." "Shika kushoto, tumefika mashineni." Hakukosea hata mara moja. Nilijisifia mpaka kwa watu kwamba mama yetu, na umri wake wote, ana macho kuliko mimi.

Mwezi wa Machi, jioni moja mvua ikitupiga, alitokea mkulima mmoja aitwaye Shilinde na baiskeli yake, gunia limelala nyuma, akakata barabara mbele yetu. Mama hakusema neno. Nilimwona yule bwana akiwa karibu kabisa, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, yeye akaingia mtaroni na mpunga wake. Namshukuru Mungu hakuumia. Alisimama kwenye maji mpaka magotini, akanitazama, akasema, "Mzee, wewe huoni?" Tulilitoa gunia pamoja, nikambeba na baiskeli yake mpaka kwake. Mama alikaa kimya njia nzima, mikono mapajani. Nilidhani ni hofu. Nikaapa sitambeba tena kwenye mvua mpaka waipa zitengemae.

Ndipo nikampata Tamimu, fundi mwenye kibanda karibu na stendi. Alizitazama mara moja tu, akasema, "Mzee wangu, hizi haziumwi mpira, zinaumwa mkao." Akaniambia betri nisiiguse. Washa waipa, izime kwa swichi yake, iache ishuke ilale yenyewe, maana mota inajua mahali pake pa kulala. Ikishalala ndipo uing'oe mkono, uurudishe panapostahili, ukaze. Akaniazima spana namba kumi akaendelea na kazi zake.

Lakini panapostahili ni wapi? Hilo lilinikalisha. Nikaosha kioo kwa sabuni, na nilipokitazama kwa ubavuni, jua likiwa limejitokeza kidogo, nikaona mikwaruzo myembamba iliyopinda, miwili, mmoja kila upande. Ni njia za waipa za baba, Kelestini. Miaka yote ile ya vumbi la Namawala zilikuwa zinajichora pale na hatukujua. Nilisimama nikilia hadharani kama mtoto, spana mkononi. Kisha nikailaza mipira pale pale mikwaruzo inapoanzia, nikakaza nati, nikamwagia kioo maji kwa kopo, nikawasha. Zilipanda na kushuka bila kugusana. Kazi ya nusu saa, na mimi nimepinda shingo miezi mitano.

Jumatano iliyopita nikaenda kumchukua mama nikiwa na furaha. Mvua ilinyesha, kioo cheupe, naona mpaka kokoto za barabarani. Sasa kuna mahali kabla ya lile daraja dogo maji yamekata barabara, magari yanachepuka shambani na kuliacha daraja mbali kulia. Sikumwambia mama, kwa nini nimwambie kitu anachokiona? Tukachepuka. Tukiwa katikati ya mashamba, akaniambia kwa sauti yake ile ile, "Polepole, daraja."

Nilisimamisha gari. Nikamtazama, naye ameelekeza uso mbele. Nikamuuliza, "Mama, unaniona?" Akasema, "Nakusikia vizuri tu, mwanangu."

Hakuwa akiona chochote, ndugu yangu. Alikuwa akiisoma barabara kwa mitikisiko na kona, kwa kuwa ameipita tangu alipoolewa. Mashimo yanakaa pale pale, daraja linakaa pale pale, alinitajia yote. Shilinde hakumtaja kwa sababu Shilinde anatembea. Mimi nisiyeona nilikuwa naongozwa na asiyeona, tukibebana kwenye matope miezi yote hiyo, kila mmoja akimtegemea mwenzake. Nikifikiria jioni ile ya mtaroni nasikia baridi.

Mama mdogo Yosefina alijua. Nilimgombeza, baadaye nikamwomba radhi. Mama alimwapisha asiseme, akiogopa tutamng'oa Namawala tukijua. Ndani ya uzio wake anatembea bila kugusa ukuta, hata kuni anachanja. Nani angegundua? Lakini mimi ni mwanawe, nilipaswa kugundua.

Siku ile ile, tulipomaliza kliniki, nilimpeleka kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari anasema ugonjwa huo unatibika kwa upasuaji mdogo. Ametupangia tarehe 14 Mei. Mama amekataa. Anasema ameshazoea, na jicho si la kuchezewa na kisu. Nimembembeleza mpaka maneno yameniishia. Konsolata naye amejaribu. Jana ametamka kwamba kama ni kukubali, atakubali mbele ya Kelestini, si mbele ya mtu mwingine. Unajua ulivyodekezwa, hilo halikuanza leo.

Kwa hiyo njoo. Sikuombi uje kwa ajili yangu, ingawa nimechoka, na nikiandika neno hilo naona aibu, kwa sababu mama si mzigo. Nimechoka kuwa peke yangu tu. Omba ruhusa kazini, panda treni kabla ya tarehe kumi, nitakuja stesheni na pikapu hata kama inanyesha. Sasa waipa zinafuta.

Msalimie mzee Beatus, jirani yenu, aliyetufikia harusini. Konsolata anakusalimu, anasema ile sufuria yake kubwa iliyoondoka na vyombo vya harusi ameikumbuka. Mama mdogo Yosefina anawasalimu wote wawili. Mungu awalinde safarini na awafikishe salama.

Mama naye anakusalimu, na anamsalimu Levina zaidi. Unakumbuka siku ya harusi alivyoushika uso wa mkeo kwa mikono miwili, muda mrefu, akawaambia watu kwamba amepata mkwe mzuri, wote tukapiga vigelegele? Juzi tukiwa tumekaa barazani ameniuliza polepole, na amenikataza nisikuandikie: Levina anafananaje. Nilianza kumweleza nikashindwa. Njoo naye.

Wako akupendaye siku zote,
kaka yako,
Raimundi