Korongo la kwenye picha

Jumanne, Mbulu

Kumbe siyo Mogitu! Miaka yote nimewafundisha wanafunzi kwamba korongo lile la mawe meusi ya volkano liko Mogitu, kisa picha niliyoikuta ofisini imeandikwa "Mogitu".

Leo sokoni nilimwonyesha picha hiyo mama mmoja mfugaji wa Gendabi. Nilimpa shikamoo, akaitazama kidogo, akauliza, "Ng'ombe wanashukia wapi kunywa maji?"

Sikujua. Nikaanza kumweleza habari za miamba, hakunisikiliza. Aliweka kidole kwenye mstari mweupe unaoteremka hadi mtoni. "Hapa. Njia hii imechimbwa na kwato za ng'ombe wetu. Ni kwetu Gendabi."

Nilikasirika, lakini kumbe ilikuwa aibu tu. Kesho nitakiri darasani. Naogopa swali moja: "Mwalimu, wewe ulishafika huko?"