Unga wa Matanga

Jumatatu, 3 Septemba 1979
Nasugua sufuria tangu alfajiri. Matanga ya baba mkwe yanaendelea, uwanja umejaa. Treni ya Kongolo haijaleta unga, kwa hiyo mtaa mzima tumechimba mihogo michungu, tukailoweka mtoni, tukaitoa mapema. Njaa haina subira. Leo kila mama kaleta bakuli lake la unga akamimina kwenye beseni la wafiwa. Ndiyo desturi, na hakuna anayechungulia bakuli la mwenzake. Jirani yangu Mama Salima kasema baba mkwe alipenda kula, hata kifo chake kinashibisha watu. Nimecheka. Mwanangu Feza kalamba mwiko.

Jumanne, 4 Septemba
Watu wa matanga walianza kutapika jana jioni, watoto kwanza. Feza alilalamika kichwa, kisha tumbo. Nilimbeba kwenda dispensari. Alikufa mgongoni kwangu. Nilidhani amelala.

Jumatano, 5 Septemba
Tumemzika kando ya babu yake. Watu wanataja uchawi, wanatafuta mchawi. Muuguzi, Papa Ilunga, kasimama katikati ya uwanja: "Hapa hakuna bulozi. Njo mihogo, haikulala mu mayi ya kutosha, sumu haikutoka. Bunga yote yenye ilibakia ku manyumba, muimwange."
Hakuna aliyemwaga unga wake. Ukimwaga, umekubali kwamba umeua. Tena chakula kitatoka wapi?
Nawachukia wote. Naangalia mikono yao tu.

Alhamisi, 6 Septemba
Watoto wengine wanatapika, nyumba mbalimbali. Idi, mtoto wa Mama Salima, yumo. Wamekula unga ule ule, wa nyumbani.
Nilisimama mlangoni kwa Mama Salima nikitaka kumuuliza kama unga wake ndio uliomuua Feza. Lakini unga tunaazimana kila siku. Hata yeye hawezi kujua. Nikarudi.

Ijumaa, 7 Septemba
Nataka jina. Moja tu, ili nililaani vizuri.
Papa Ilunga anataka kupita nyumba kwa nyumba na mkubwa wa mtaa kukusanya unga. Nimemwambia watauficha chini ya kitanda. Waje kama walivyokuja kwenye matanga: beseni moja, asitazamwe mtu. Kanijibu: "Mama Feza, hautajua hata siku moja ni nani."
Najua. Ninaumia, lakini watoto wao wangali hai.

Jumamosi, 8 Septemba
Mume wangu kachimba shimo nyuma ya nyumba. Beseni kando yake. Nilimimina wa kwanza, debe langu lote. Mihogo yangu ililala kwenye mto ule ule. Kwa nini usiwe wangu? Wazo hilo nimelikimbia wiki nzima.
Kisha nikaingia ndani, nikageukia ukuta. Nyayo, unga ukimiminwa, nyayo. Mmoja alilia. Shingo iliniuma kwa kutaka kugeuka. Sikugeuka. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Basi tuoze wote, watoto wapone.

Jumapili, 9 Septemba
Hakuna mgonjwa mpya. Idi amekaa kitako, anaomba chai.
Mama Salima kaja na viazi vitamu. Kamega kimoja, kala mbele yangu, ndipo akanisogezea.
Kwa mazoea nilikuwa nimetoa sahani mbili, yangu na ile ndogo ya Feza. Nimempa ile ndogo.