Kiungio cha Siku Mbili

Mume wangu, Baba Hamadi,

Leo nimepanda bati. Najua ungenifokea, maana ulipokuwa hai kazi yangu ilikuwa kukushikia ngazi tu, na ukishafika juu, niingie ndani nikutazamie kitaa cha kile kisanduku cha kuchajia betri.

"Imewaka?" unaita huko juu.

"Bado."

"Sasa je?"

"Imewaka."

Hapo ndipo unateremka, jasho linakuchuruzika, unadai chai.

Sola yetu imezima wiki ya pili hii. Alikuja fundi kutoka mjini Chake, akapima betri, akasema imekufa, ninunue nyingine. Kwenye bati hata hakupanda. Mwanao aliposikia akanipigia simu kutoka Unguja: "Mama, huwezi kukaa kizani peke yako. Ijumaa nakuja kukuchukua." Alisema kwa upole, lakini nililia. Nimeshakuzika wewe, sasa niiache na nyumba?

Basi asubuhi nikaitoa mita yako ya kupimia umeme kwenye kopo la biskuti. Bila miwani ulikuwa huoni kitu, mie ndiye niliyekuwa nikikusomea namba, kwa hiyo mambo yako nayajua. Kwenye kisanduku, waya unaotoka kwenye paneli ulisoma sifuri. Kumbe betri haina kosa, ina njaa tu.

Majirani wote wako mikarafuuni, ngazi nikaiegemeza mwenyewe. Juu, paneli ikasoma volti kumi na nane. Nikaifunika kwa kanga mbili isitoe umeme, kama ulivyokuwa ukisisitiza, ndipo nikaufuata waya kwa vidole mpaka ukingoni mwa bati. Nikakikuta kile kiungio chako. "Hiki cha siku mbili tu, Mama Hamadi, nikipata waya mzima nitakibadilisha." Siku mbili zako zimefika miaka sita, mwanamume weye. Shaba imeota ukijani, ukiigusa inamomonyoka.

Lakini ncha ya tepu uliikunja, ili ukirudi uibandue kwa urahisi. Hukurudi. Nimeibandua mie, na nilikaa nayo mkononi muda mrefu.

Nikakata palipooza, nikamenya waya, nikasokota, nikazungusha tepu mpya. Nikatoa kanga. Halafu, kwa mazoea yako, nikaita: "Imewaka?"

Nikangoja, wallahi. Nikangoja kama mjinga mpaka nikakumbuka kwamba ndani hamna mtu, na kwamba wa kujibu ndiye mie. Upweke wangu wote wa mwaka huu sijapata kuusikia namna ile.

Nikateremka taratibu, nikaingia. Kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka. Nimeshampigia Hamadi, nimemwambia Ijumaa aje kula, mizigo hakuna.

Kisha nikatoka uani, nikatazama juu ya bati, nikakujibu. Imewaka, Baba Hamadi. Teremka.

Mkeo,
mshika ngazi wako