Milimita Kumi na Mbili za Mama

Chumba cha Ultrasaundi,
Ghorofa ya Chini, mlango wa tatu kushoto.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu nyingi. Hujambo? Wifi hajambo? Na mabinti, kile kikohozi kimewaacha? Huku sisi wazima. Mama anakula, analala, na anagombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo ujue hana neno.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Juzi ulinifokea mpaka ikakatika: eti kwa nini nimezuia Mama asitolewe figo, eti mimi ni nani hata nibishane na bingwa. Basi tulia, kaka, usome mpaka mwisho.

Kwanza umjue huyo bingwa wako. Sisi wapimaji wa hapa tunamwita Bwana Milimita. Koti lake limepigwa pasi hadi linaweza kusimama lenyewe, na mfukoni ana kalamu nne zisizo na wino. Amekuja na programu mpya ya kupima picha; ukiiwekea picha inaupaka uvimbe rangi nyekundu na kuandika namba pembeni. Tangu aipate haongei na wagonjwa, anaongea na skrini. Mama alikaa mbele yake dakika ishirini, hakuulizwa hata kama anasikia maumivu.

Ndipo akatangaza: mwaka jana uvimbe wa kwenye figo ulikuwa milimita kumi na tisa, sasa ni thelathini na moja, umekua kwa asilimia sitini na tatu, figo itolewe Alhamisi. Hiyo asilimia aliitamka kwa raha zake, kama anayetangaza mshindi. Mama akaniangalia mimi. Na wewe jioni ile ile ukapiga simu kusema asaini.

Nilimuuliza kama amefungua picha ya mwaka jana.

“Dada, namba ipo kwenye ripoti,” akanijibu bila hata kugeuka. “Nifungue picha ya nini?”

Mtu mzima, amesoma hadi nywele zimemtoka, anasoma namba kama mtoto anayesoma bei ya pipi! Kaka, mashine haijui uvimbe uko wapi. Mtu ndiye anayeweka alama mbili, moja huku na nyingine kule, na mashine inahesabu umbali uliopo kati yake. Ukiziweka ovyo itakuhesabia upuuzi wako kwa adabu zote. Ile programu yake ya rangi ndiyo kabisa.

Uvimbe wa Mama una umbo la yai. Mwaka huu umepimwa kwa urefu, mwaka jana ulipimwa kwa upana. Ni hivyo tu. Kwenye faili la zamani kulikuwa na picha ya pili, imehifadhiwa bila kupimwa, inayoonyesha yai lote. Nikamwita mkuu wa idara, mwanamke asiyecheka ovyo, akaweka alama kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka jana thelathini na moja. Mwaka huu thelathini na moja. Akafuta upasuaji, akasema Mama arudi baada ya miezi sita aangaliwe tena. Kilichovimba mwaka huu ni kichwa cha yule bwana.

Sasa utauliza, na una haki: ni mpuuzi gani aliyepima kwa upana? Mkuu naye aliuliza. Chini ya picha huwa kuna herufi za mpimaji. Bwana Milimita alizisoma kwa sauti, safari hii kwa raha zaidi. Zilikuwa zangu.

Usidhani sikujua. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba tunapima pale parefu. Mama alikuwa amelala, jeli tumboni, ananiuliza kama nimekula mchana, na kile kivuli kilizidi kurefuka kila nilipogeuza kifaa. Niliogopa, kaka. Nikahifadhi ile picha ndefu bila kuipima, nikarudisha mkono, nikaweka alama pale kilipoonekana kidogo. Yule bwana namdharau mpaka leo, lakini yeye alipima sawasawa.

Jana nilimweleza Mama. Alikunja nguo mbili tatu, akaniambia:

“Kwa hiyo uliona naumwa sana, ukaniandika naumwa kidogo.”

“Ndiyo, Mama.”

“Basi hiyo miezi sita ikifika anipime yule wa kalamu. Wewe uje unishike mkono.”

Msalimie wifi, na Kadogo na dada yake; waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu awape afya, na wewe akuongezee subira.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinifokea.