Kinga ya Rangi ya Ufizi

Jumatatu, 3 Machi

Kinga imekwisha! Nimeipitisha kwenye mashine ya kung'arishia mpaka inateleza kama kijiko. Nimeitengeneza kwa plastiki ile ile ya meno ya bandia, kwa hiyo imetoka na rangi ya ufizi. Nilicheka peke yangu pale karakana tunakotengeneza meno. Daktari wa meno akachungulia mlangoni, akauliza ni mgonjwa gani mwenye kinywa kikubwa hivyo. Nikasema ni jaribio tu. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Katikati nimeiachia mgongo ulioinuka, ili isipinde mtu akinilalia. Kazi safi, mwenyewe nakiri.

Najua Kocha amekataza. Siku ya kwanza ya mieleka alitupanga mstari akasema kinga ngumu ya kinena ni ya wanaopigana mateke, sisi hapa tunalaliana na kubanana, kwa hiyo kinga yako ni jiwe kwa mwenzako. Vaeni chupi ya kubana, basi. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote. Lakini wao wanazo mbili! Mimi nimebaki na moja tangu nilipopasuliwa nikiwa na miaka tisa. Na wiki iliyopita goti la mtu lilinipata pale pale — nikajifungia chooni dakika ishirini, nikatoka nikisema ni tumbo.

Mke wangu na mimi tunatafuta mtoto mwaka wa nne sasa. Hospitali walisema hiyo moja inafanya kazi kwa kusuasua, itunzeni. Basi naitunza. Kosa liko wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Nimeivaa, chini ya chupi mbili na suruali ya mazoezi. Hakuna aliyeshtukia.

Nimecheza kama mtu mwingine! Kinyozi amenisifu — eti leo umekula nini, mbona hukimbii magoti? Huyu ndiye mwenzangu kwenye mkeka, uzito wetu mmoja. Ndiye anayeninyoa pia, kila baada ya wiki mbili. Mwezi ujao anakwenda kwenye mashindano kwa niaba ya klabu, na kusema kweli anastahili. Mikono yake ni myepesi na haumizi mtu.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumanne, 11 Machi

Nimemuumiza Kinyozi. Mkono wa kulia, kiwiko.

Niandike ilivyokuwa, angalau hapa. Nilikuwa chini, chali. Nikaunasa mkono wake, nikaubana katikati ya mapaja, kiwiko kikaangukia juu ya kinga. Juu ya ule mgongo. Nikanyanyua kiuno kidogo tu, kama tulivyofundishwa, kama nilivyofanya mara mia. Kwenye mwili mtupu mtu anapata nafasi ya kusikia maumivu na kugonga mkeka, kuomba aachiwe. Lakini hapa hakukuwa na nyama. Mkono ulikaa kama ukuni juu ya goti. Aligonga. Aligonga upesi, mara mbili, nami nikaachia hapo hapo. Mlio ulikuwa umeshatoka.

Kocha akaja mbio. Hakuniuliza hata neno. Akamwambia Kinyozi, wote tukisikia: "Ndiyo matokeo ya ukaidi. Unasubiri nini kugonga? Ulitaka kuonyesha wewe chuma?" Kinyozi amekaa pale, uso umempauka, jasho linamtoka. Akasema, kweli Kocha, nilichelewa.

Hakuchelewa!

Mdomo niliufungua. Kisha nikainama, nikafunga mkanda ambao ulikuwa umefungwa tayari.

Jumatano, 12 Machi

Kano limechanika. Miezi mitatu bila kazi nzito, mashindano ndiyo basi. Kocha ameandika ubaoni kwa herufi kubwa: GONGA MAPEMA. Akatusomea somo zima, mfano wake ni Kinyozi. Watu wananipigapiga mgongoni — usijilaumu bwana, ni yeye. Mmoja akasema hao wenye vipaji ndivyo walivyo, vichwa vigumu. Nikaitikia kwa kichwa. Niliitikia!

Mama amepiga simu mchana. Anauliza kama kawaida, mkwe wangu vipi, bado tu? Ameshapeleka jina lake kanisani aombewe. Mke wangu alikuwa ameketi pembeni yangu anasikia kila neno. Mama hajui habari za korodani yangu. Upasuaji alinipeleka marehemu baba, akamwambia mama ni ngiri tu. Kwa hiyo mama anaamini kasoro ni ya mke wangu, na mke wangu amemwachia aamini hivyo. Kwa ajili yangu.

Sasa wamekuwa wawili wanaobeba lawama zangu. Najiona mdogo kama punje.

Ijumaa, 14 Machi

Zamu ya kunyolewa. Nilitaka nisiende, nikaona nisipokwenda atashangaa. Nikajikaza kisabuni.

Mkono wa kulia umening'inia kwenye kitambaa. Ananyoa kwa wa kushoto, polepole, ulimi nje kama anayejifunza kuandika. Wateja wawili walichungulia, wakaona, wakasema watarudi. Hawatarudi. Akanifunga shuka shingoni kwa meno na mkono mmoja. Nikasema nisaidie? Akasema tulia wewe, leo utatoka na barabara mbili kichwani, usimwambie mtu nani kakunyoa.

Akanyoa. Kisha akazima mashine. Akaniangalia kwenye kioo.

"Ndugu yangu, nikuulize kitu. Usinionee haya. Mimi nakumbuka nimegonga mapema. Nakumbuka kabisa — nimesikia tu mkono unavutika, nikagonga. Lakini Kocha anasema sivyo, na wenzetu wote wanasema sivyo. Wewe ndiye uliyekuwa umenishika. Nilichelewa?"

Kwenye kioo tulikuwa sisi wawili tu. Hakuna Kocha, hakuna mtu.

Nikasema: "Kidogo."

Akasema aa. Akasema basi sawa, ndivyo nilivyofikiri. Akawasha mashine.

Laiti ardhi ingepasuka inimeze na kiti chake! Nilitoka pale kichwa kimenyolewa upande mmoja juu, mwingine chini, na nilistahili vibaya zaidi.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia mke wangu yote. Alikuwa anakunja nguo. Kinga alishaiona siku nyingi — alidhani ni ya mgonjwa, akawa anajiuliza ufizi huo unaingia wapi. Tukacheka kidogo. Kisha hakucheka tena.

Akasema: mwambie. Nikasema nikimwambia ataniuliza kwa nini niliivaa. Akasema basi mwambie na hilo. Nikasema huelewi, ile klabu ni ya wanaume, jambo litakuwa gumzo, watanipa jina. Mtu anapewa jina kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Akaliweka shati chini.

"Mimi mama yako ameshanipa jina. Miaka minne. Sijafa."

Akamaliza kukunja nguo zake, zangu akaziacha kwenye kapu.

Jumatatu, 17 Machi

Leo kazini nimeharibu seti mbili za meno. Nimeyapanga juu ya taya la plasta nikasahau upande wa kushoto. Daktari akauliza kama naumwa. Nikasema usingizi.

Nimeandika ujumbe kwenye simu: Kinyozi, hukuchelewa. Nikaufuta. Nikaandika tena, mrefu zaidi, na sababu. Nikaufuta wote. Mambo kama haya hayaandikwi kwenye simu, nikajiambia. Maneno ya mwoga haya. Kesho nitapita dukani kwake.

Jumanne, 18 Machi

Saa kumi na moja jioni. Naandika chumbani, mlango nimeurudishia.

Sikupita dukani. Amekuja yeye.

Nilidhani ameambiwa na mke wangu. Kumbe ameleta mfuko. Ndani yake vazi lake la mazoezi, limefuliwa na kupigwa pasi, na mkanda juu. Akasema: "Tunavaa saizi moja. Chukua wewe. Mimi nimeacha."

Mke wangu akasema mbona uache shemeji, mkono si utapona? Akasema mkono utapona. Shida si mkono. Kocha amemwambia akipona arudi. Lakini yeye mwenyewe hajiamini tena. Mwili wake ulimwambia amegonga mapema, akauamini, kumbe ulikuwa unamdanganya. Sasa hata jikoni akishika sufuria ya moto anajiuliza kama ameachia kwa wakati. Anasema haya kwa utani, anacheka, sijui kama anajua namna anavyocheka.

Akaongeza: "Afadhali wewe uliniambia ukweli. Wengine wangenipaka mafuta."

Mke wangu akanitazama. Halafu akamuuliza mgeni kama atakunywa chai.

Nikasema ngojeni, kuna kitu nakileta. Nikaingia huku.

Kinga iko mkononi. Nimejaribu kuitia mfukoni, haiingii. Nimejaribu kuifunga kwenye taulo, taulo linanifanya nionekane mwizi. Itabidi nitoke nayo hivi hivi, inaonekana, na nianze kusema kabla hawajauliza. Neno la kwanza ndilo silipati. Nikianzia na kiwiko nitafika kwenye kinga, na nikianzia na kinga nitafika kule kwingine. Kokote nianzie nafika kule.

Vikombe vinalia sebuleni. Anamweleza mke wangu namna ya kunyoa kwa mkono wa kushoto. Wanacheka.

Sasa vikombe vinakusanywa.

Mke wangu anaita: njoo basi, shemeji anataka kuondoka.

Nimesema nakuja. Kiti kimesogezwa. Viatu vyake viko mlangoni, ni vya kamba, kwa mkono mmoja havifungi upesi. Ninazo dakika mbili. Mke wangu anaita tena, safari hii kwa jina langu.

Nimeshasema nakuja mara tatu.