Nakala ya Mwisho Ambamo Ungali Hai

Mwakio, rafiki yangu,

Huku Voi jua ni lile lile, vumbi ni lile lile, na mimi nimekaa kwenye kiti chako. Bado kinalia kila nikiegemea. Sijui kama nakuandikia upate habari, au ni ili nisiwe peke yangu humu ofisini mwako, hospitalini.

Tulipokwisha kukuzika kule juu Wundanyi, nguo zako ziligawanywa kama ilivyo desturi. Binamu zako walichukua mashati. Mimi mama yako alinipa ile sweta ya kijivu. "Chukua, Wakesho," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukielewana naye." Haukupita muda hospitali ikanipigia simu: nani mwingine anajua jinsi Mwakio alivyokuwa akitunza data za wagonjwa? Nikakubali kuishika kazi hiyo kwa muda tu. Ndivyo mimi, developa wa kuunda programu, nilivyorithi na kazi yako.

Unakumbuka tulivyobishana tangu chuoni, tukila viazi karai pale stendi? Mimi nilitaka kuunda programu, kitu ambacho mtu anakifungua kwenye simu na kukipenda. Wewe ulitaka kukaa nyuma, uhakikishe kilichoandikwa hakipotei. Nilikuita askari wa stoo. Nawe ukasema sisi madevelopa tunajenga nyumba nzuri, halafu tunahama choo kikiwa kimeziba. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Siku hizi sicheki, Mwakio. Sina wa kubishana naye.

Sikujua kazi yako ina uzito huu. Developa akikosea anaandika upya. Hapa nikikosea, mtu analazwa wadini na historia ya dawa zake haionekani. Nikifanya vizuri, hakuna anayejua kama nipo. Kila Ijumaa nafanya ulivyonionyesha: nachukua bakapu, ile nakala ya akiba ya data zote, naifungua kwenye ile kompyuta kuukuu ya pembeni, naangalia kama kila kitu kimerudi. "Kuweka nakala si kazi," ulizoea kusema. "Kazi ni kurudisha."

Ijumaa moja nilifungua nakala ya zamani, ya kabla hujalazwa. Nikatafuta jina lako. Ulikuwepo. Umri wako, kundi lako la damu, miadi yako ya kliniki, na pale pa tarehe ya kufariki, patupu. Nililia hadi mlinzi akaja kubisha mlango. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa nairudisha nakala hiyo, nakutafuta, nakuangalia, nafunga.

Kampuni moja ya Mombasa imenipa kazi ya kuunda programu, ile hasa niliyokuwa nikikusumbua nayo. Wanataka jibu Jumatatu. Nyumbani Mwatate hawaelewi ninangoja nini. Niwaambieje? Kwamba nimeng'ang'ania hapa kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kompyuta?

Na sasa diski imejaa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeweka utaratibu kwamba nakala zikizeeka zifutwe, zipishe mpya. Nimekwepa kadiri nilivyoweza, nikafuta hata vitu vyangu. Imebaki hiyo moja, na wagonjwa wa leo wanahitaji nafasi. Nimechoka, Mwakio. Kuna asubuhi hata kuvaa viatu kunanishinda. Watu wanasema nitazoea, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Kesho ni Ijumaa. Nitaifuta kwa mkono wangu, sitaiachia mashine. Jumatatu nitawajibu Mombasa kwamba nakuja. Usidhani nimefurahi. Ni kwamba baada ya kesho sitakuwa na wa kumwangalia humu.

Ila nakuahidi hili: siondoki kabla sijamfundisha atakayekalia kiti hiki kazi yako ya Ijumaa, mpaka aweze kurudisha kila kitu bila mimi.

Na kesho, kabla ya kuifuta, nitaifungua mara moja ya mwisho kama ulivyotaka, nihakikishe kila mtu amerudi. Nitakutafuta kwa jina. Nitakaa nawe kidogo.

Kwaheri, askari wa stoo.

Wako,
Wakesho